Pimamaji ya Baba na Mashine ya Kijivu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimetukanwa na penseli.

Asubuhi, kabla sijamaliza chai, alikuja Mwalimu Mkuu wa ile shule tuliyoitengenezea chumba cha kusomea. Mwezi uliopita tulifunga ukutani meza moja ndefu, mita sita, na rafu tatu juu yake. Kazi safi. Mbao kavu. Nilipima mwenyewe, nikagonga meza kwa ukucha mara mbili, nikasema, "Sawa." Hiyo ndiyo sheria ya karakana yetu tangu enzi za marehemu aliyeianzisha: kitu hakitoki mlangoni, wala hakifungwi kwenye ukuta wa mtu, mpaka mimi niweke pimamaji, kiputo chake kikae katikati, nigonge mara mbili, niseme neno hilo. Ndiyo maana wananiita Mzee Sawa. Jina langu la kweli sidhani kama kuna anayelikumbuka humu.

Mwalimu Mkuu ni mstaarabu. Aliulizia afya yangu, akaulizia ya binti yangu, kisha akasema watoto wanalalamika. Penseli hazitulii. Ukiiweka mezani, inaondoka. Zote zinaelekea kushoto, na mtoto anayekaa mwisho kabisa kule kushoto amekusanya penseli za darasa zima na hataki kuzirudisha.

Nilimwambia kwa upole kwamba sakafu ya shule imelala upande. Akasema meza imefungwa ukutani, haigusi sakafu. Nikasema basi ni ukuta.

Cheche, mchomeleaji wetu, alicheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea. Ana miaka arobaini na mitatu na anajiona mjuzi wa kila jambo la kisasa. Akasema siku hizi kuna pimamaji za betri, zinaandika namba, hakuna tena kukodolea macho kiputo. "Unaiweka, inakwambia. Haina usingizi, haina mawazo." Aliposema mawazo alinitazama mimi.

Mama Karakana, mjane wa marehemu, ndiye mwenye uamuzi. Alifuta mikono, akafikiri, akasema tununue moja.

Mashine ikishasema, mimi nitasema nini? Ubao mzito sinyanyui tena peke yangu. Randa nikiishika saa moja, mgongo unaanza kunidai. Kilichobaki changu mle ndani ni neno moja na ukucha mmoja. Na binti yangu ameshanipangia: siku nitakapokuwa sina kazi karakana, nahamia kwake, ghorofa ya tano, chumba chenye televisheni na kiti cha kuegemea. Ananipenda sana. Lakini nimewaona wazee wa ghorofa ya tano. Wanakaa roshani wanahesabu magari.

Nimeshahamishwa mara moja katika maisha haya. Inatosha.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Habari njema! Mama Karakana amenikabidhi mimi kazi ya kuichagua hiyo mashine. Amesema mle ndani hakuna anayejua vipimo kunishinda. Cheche alinuna, akaenda kupiga nyundo chuma ambacho hakikuwa na kosa.

Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi, nikisugua mlango kwa msasa, na kufikia saa nne nilikuwa nimepata shauri. Jepesi, lakini la kutisha kwa uzuri wake. Nitachagua mashine inayosema uongo kuliko zote dukani. Itaaibika yenyewe mbele za watu, ndani ya wiki moja, nami nitaitwa kutoka kwenye kigoda changu. Sitajigamba. Nitagonga mara mbili tu.

Nitaujuaje uongo wake? Ninacho cha kuupimia. Ninayo pimamaji ya Baba.

Nieleze hapa, kwa kuwa huenda siku moja daftari hili likasomwa na mtu asiyeijua. Ni ya mti mgumu mwekundu, urefu wa mkono mmoja, ina shaba ncha zote mbili na kioo katikati. Ncha moja ina kovu. Baba alikuwa anakata kizingiti siku niliyozaliwa. Walipomwita, msumeno ukamteleza ukaiuma. Alinifundisha kuitumia kwa sharti moja: kovu liwe upande wa kulia, mwanangu, siku zote. Hakuniambia sababu, nami sikuuliza. Zamani zile hatukuwauliza baba zetu sababu. Tulingoja tuwe wakubwa tuzibuni wenyewe.

Tulipofukuzwa kwetu, miaka thelathini na minane iliyopita, niliondoka na mke, kikapu cha nguo, na hiyo. Kila kizuizi barabarani walikuwa wananyang'anya vifaa vya kazi. Nikaikalia. Siku tatu kwenye lori, joto la kuchemsha, magunia kila upande, na mimi juu ya urithi wangu kama kuku anayeatamia. Haikuvunjika. Haikulalamika hata mara moja.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na katika vyote sijaona jambo la kuniliwaza kuliko hili: maji hayana kwao. Uyamwage popote, nchi yoyote, yatajua palipo sawa bila kumuuliza mwenyeji.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Dukani saa mbili na nusu asubuhi. Mwenye duka la vifaa ni mtu mpole, mwembamba, anayezungumza kama anayeogopa kuamsha misumari. Alinitolea mashine tatu. Nikamwomba kioo kinene, nikakilaza juu ya kaunta, nikaweka pimamaji ya Baba, kovu kulia, nikawa nachomeka vipande vya kadi chini ya kioo mpaka kiputo kikakaa katikati. Hapo nikawa na uwanja wa haki. Wateja wakaanza kupanga foleni nyuma yangu. Niliwaacha wapange.

Ya kwanza ni nyekundu, fupi, ina taa na mlio. Niliiweka. Sifuri! Ikalia kwa furaha. Nikaiondoa haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mashine mwaminifu kiasi hiki ikiingia karakana, nimekwisha.

Ya pili ni ndefu, ya manjano, ina sumaku. Inaandika namba mbili baada ya nukta. Muuzaji akasema kwa hiyo ndiyo sahihi zaidi. Nikamwambia mtu akikutajia saa mpaka sekunde, haimaanishi saa yake haijachelewa. Nikaiweka: nukta kumi na tano. Nikainyanyua, nikairudisha palepale: nukta thelathini na tano. Tena: nukta ishirini. Ni mwongo, ndiyo, lakini mwongo asiye na msimamo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuropoka ukweli siku usiyotarajia. Sikumtaka.

Ya tatu ni ya kijivu. Nzito. Haina taa, haina mlio, chini imenyooka kama maji ya mtungi. Digrii sifuri nukta nne, upande wa kushoto chini. Nikainyanyua, nikairudisha. Nukta nne. Nilifanya hivyo mara kumi. Nukta nne mara kumi! Sijawahi kuona uongo uliosimama imara namna ile. Nilitamani kuikumbatia.

Muuzaji akasema wanaojua huigeuza ncha kwa ncha, mahali palepale, waone kama itasema lilelile. Akanyoosha mkono aanze. Nikamwambia mimi sikuja kuchezesha vitu ngoma, anifungie ya kijivu.

Akanitazama kwa heshima ya ajabu. Akasema wengi huchukua nyekundu kwa ajili ya kelele, ila mimi nimechagua kama fundi. Maneno ya dukani.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Cheche ameipokea mashine kama mtu aliyeletewa mtoto wa kwanza. Alisoma karatasi ya maelezo kwa sauti, mpaka pale panaposema isitumbukizwe majini. Kisha akaanza kuzunguka nayo.

Benchi langu la kazi: nukta nne, kushoto. Rafu ya ofisini, niliyoifunga mimi: nukta nne, kushoto. Kizingiti cha mlango mkubwa, kazi yangu: nukta nne. Nilikaa kwenye kigoda nikijizuia kutabasamu. Mashine imejikamatisha siku ya kwanza! Haijui namba nyingine. Ni kama yule mgonjwa anayesema kila kitu kina chumvi.

Nikawaambia, kwa sauti ya mtu asiye na lake, kwamba labda ina hitilafu.

Mama Karakana akakunja uso. Cheche akasema ngoja. Akaiweka kwenye geti lake, lile aliloliunganisha wiki iliyopita, ambalo aliliweka sawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kama wanavyofanya waashi. Sifuri. Akaigeuza ncha kwa ncha. Sifuri.

"Geti langu inalipenda," akasema.

Nikamwambia waongo hupendana.

"Mzee wangu," akasema, "na kwenye vitu vyako mbona inasema kitu kimoja? Imekutafutia sababu?"

Mtu mzima hajibizani na geti.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeweka betri za redio yangu ndani ya mashine, zile zilizokwisha. Za kwake nimeziweka kwenye redio. Saa tatu mashine ikazimika katikati ya kipimo. Redio nayo ilisikika vizuri kuliko miaka yote.

Saa tatu na nusu Mama Karakana alishanunua betri nyingine. Cheche akasema hizi zilizotolewa zimezungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi, kama anavyofanya mtu mmoja anayemjua. Nikasema hata mimi nimewahi kusikia habari za watu wa aina hiyo.

Jioni, wakati wa kufunga, Cheche alionekana akielekea upande wa duka la vifaa. Ana lake.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Binti yangu alikuja na vipande vitatu vya vitambaa vya pazia. Akanitaka nichague. Nikamuuliza pazia la wapi. Akasema la chumba changu. Nikamwambia chumba changu kina pazia. Akasema, "Baba, unajua nasema kipi."

Amesikia habari za mashine. Habari hapa mjini hazipandi ngazi, zinaruka moja kwa moja hadi ghorofa ya tano. Akanishika mkono, akasema hakuna anayenifukuza, ila nimefanya kazi tangu nina miaka kumi na miwili, na miguu yake yeye haitulii anapojua niko peke yangu na vyungu. Ana macho ya mama yake. Si haki kubishana na macho hayo.

Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu. Jumatatu tunakwenda shuleni na mashine, kupima meza mbele ya Mwalimu Mkuu. Mashine ikisema kweli na mimi nimekosa, nitachagua pazia. Nilimwambia hivyo kwa kuwa najua itasema uongo.

Kabla hajaondoka alipanguza rafu ya jikoni. Akauliza avitupe hivi vipande vya karatasi vilivyoko chini ya makopo. Nikasema aviache, aliviweka mama yake. Sijui vilikuwa vya nini. Marehemu alikuwa na mambo yake madogomadogo, na tangu afariki, miaka minne sasa, sijagusa hata moja.

Pazia la bluu si baya.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikwenda watatu. Mashine ilikuwa kwapani mwa Cheche, ndani ya kasha lake. Pimamaji ya Baba niliibeba mwenyewe, ndani ya kitambaa. Mwalimu Mkuu alituondolea watoto chumbani, ila walibaki madirishani, pua zimebanwa kwenye vioo.

Cheche akaiweka mashine katikati ya meza. Nukta nne, kushoto chini. Nikangoja kila mtu aitazame vizuri. Kisha nikafunua kitambaa, nikaiweka pimamaji ya Baba palepale, kovu kulia. Kiputo kikakaa katikati kama mtoto mwenye adabu. Nikagonga mara mbili. Nikasema, "Sawa." Sijapata kulisema neno hilo vizuri namna ile. Nikawaeleza kwamba, kwa masikitiko, mashine ni mbovu, na kwamba nilijua tangu... hapo nikameza mate.

Mwalimu Mkuu alitoa penseli mfukoni, ya mviringo, akailaza mezani. Ilifikiri kidogo. Kisha ikaondoka. Tulisimama tukiisikiliza inavyokwenda, mita tatu nzima, mpaka ikaanguka kule kushoto. Nje ya dirisha mtoto mmoja akashangilia.

"Mzee wangu," akasema Cheche, "hebu igeuze na hiyo ya kwako."

Nikamwambia haigeuzwi. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu haijawahi kugeuzwa. Nilipolitamka nililisikia.

Cheche hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningejua pa kushika.

Mama Karakana akanisogelea. Huwa ananiita Mzee. Leo aliniita Baba. "Baba, nipe." Akaichukua kwa mikono miwili, akaigeuza ncha kwa ncha, akaiweka mahali palepale. Kovu likawa kushoto. Kiputo kikakimbia mpaka mwisho wa kioo upande wa kulia, kikajibana pale kama mtu aliyefumaniwa. Akaigeuza na mashine ya kijivu. Nukta nne. Akaigeuza tena. Nukta nne, ileile, upande uleule.

Nikasema ni upepo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mwalimu Mkuu, Mungu ampe maisha marefu, akasema chai iko tayari.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalipanga pazia la bluu kichwani, nalitundika, nalikunja. Tulipofika mlangoni Mama Karakana akasimama. Nikajua ndiyo saa yenyewe. Atasema nipumzike. Atalisema vizuri, na uzuri wake ndio utakaoniua.

Akasema meza ya shule tutaifungua Alhamisi na kuifunga upya. Kisha akasema mashine ile, kuanzia leo, ni ya mkono wangu. Asiiguse mwingine. Sheria ibaki ilivyo: kitu hakitoki mpaka Mzee Sawa aweke, agonge, aseme.

Sikuelewa. Nikamtazama Cheche. Cheche alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema Ijumaa alikwenda dukani kubadilisha mashine, achukue ile nyekundu yenye mlio, maana aliona hii ya kijivu imechosha. Muuzaji akamwonyesha: nyekundu, ukiigeuza, inatoa majibu mawili. Ya manjano, kila ukiiweka ina lake. Ya kijivu pekee ndiyo inayosema kitu kimoja. Akamwambia mzee mmoja alikuja, akasimamisha foleni kwa muda wa saa mbili, akainyanyua kila moja na kuirudisha kama anayemhoji shahidi, akachagua hiyo. "Mimi ningeleta nyekundu," akasema Cheche. "Tungekuwa tunaharibu kazi kwa muziki."

Mama Karakana akasema ndiyo maana kazi ile alinipa mimi.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema cha kufanya ukitumbukia ukakuta ndani kuna watu wanakupigia makofi. Nikainamisha kichwa, nikasema uzoefu tu.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Sikwenda kazini. Nimesingizia mgongo. Mashine iko nami nyumbani, kwa kuwa ndimi mtunzaji wake.

Nilianza na kitanda. Nilikiunda mwenyewe, mwaka wa pili hapa. Nukta nne, kushoto. Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunalala kwenye mteremko, na mke wangu ndiye aliyekuwa upande wa chini. Alikuwa akisema namwangukia. Nilidhani ni mapenzi.

Meza ya kulia: nukta nne. Kabati: nukta nne.

Rafu ya jikoni niliiacha mwisho.

Nilishusha makopo moja moja. Chini ya kila kopo, upande wa kushoto, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikakunjua ya kopo la sukari. Kipande cha kalenda, mwaka aliofariki. Ndani yake kingine, cha mwaka wa nyuma yake. Ndani yake kingine. Karatasi ikilemewa na kuwa nyembamba, alikuwa anaizungushia mpya. Niliketi sakafuni nikavitandaza kwa mpangilio. Cha ndani kabisa, laini kama ngozi ya kitunguu, kilikuwa cha mwaka wetu wa kwanza hapa.

Mwaka ule naukumbuka. Tulikuwa hatuna kitu, rafu ile ndiyo ilikuwa samani yetu ya kwanza. Aliniambia chupa ya mafuta inateleza. Nikaenda nikaleta pimamaji ya Baba, nikaiweka, kovu kulia, nikagonga mara mbili, nikasema, "Sawa." Alinitazama kidogo. Akatazama kile kitu mkononi mwangu, kitu pekee kutoka kwetu kilichofika kizima. Akasema, haya. Hakulitaja tena. Miaka thelathini na minne, kila Januari, alikuwa anakunja karatasi.

Sasa nafikiria lori. Baba hakukosea; geti lake la mwisho huko kwetu naliona mpaka leo, lilikuwa likifungwa lenyewe bila kusukumwa wala kukwaruza. Kioo kilihama mahali pake kwa joto lile, na kwa uzito wa mtu fulani. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi langu nililikalisha juu ya pimamaji siku tatu, na bado sikuliona.

Na lile kovu? Nimewaza sana. Sioni sababu yoyote ya kifundi ya kulitaka liwe kulia. Baba alikuwa akishika kwa mkono wa kulia. Nadhani alipenda tu liwe hapo, chini ya kidole gumba.

Binti yangu amepiga simu. Nimemwambia pazia lisubiri. Akasema mashine ikisumbua nimwite. Sauti ya mama yake vilevile.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimeamka na akili safi. Tatizo nimelipata na nimelitibu.

Mashine ni nzuri, simkatalii mtu. Ila haina malezi. Kila nikipita nayo jikoni inatangaza nukta nne juu ya rafu ya marehemu, kama mgeni anayeingia nyumba ya watu na kuanza kuchungulia nyufa. Siwezi kuishi na kitu cha namna hiyo, na mimi ndimi mtunzaji wake.

Nikasoma ile karatasi ya maelezo, kwa utulivu, si kwa kelele kama Cheche. Kuna kitufe cha kuifundisha sifuri. Imeandikwa: weka mashine juu ya mahali palipotulia, bonyeza, igeuze ncha kwa ncha, bonyeza tena. Nikajiuliza, katika mji huu mzima ni mahali gani ninapopaamini. Jibu halikunichukua muda. Nikaiweka kwenye rafu ya jikoni. Nikabonyeza. Ile habari ya kuigeuza nikaiacha. Kugeuzageuza nimeona wiki hii kunavyoleta maneno. Nikabonyeza tena, ikiwa imetulia palepale.

Sifuri!

Kitanda: sifuri. Meza: sifuri. Kabati: sifuri. Nikaleta pimamaji ya Baba, nikailaza kando yake, kovu kulia. Kiputo katikati. Tangu penseli ile inikosee adabu, leo ndiyo siku ya kwanza sote nyumbani tumekubaliana.

Makopo niliyarudisha rafuni. Niliziweka na karatasi zake chini, kwa sababu yalikuwa yanateleza.

Kesho shuleni. Nimeshapanga maneno. Nitaiweka mashine mezani, mbele ya Mwalimu Mkuu, Mama Karakana na Cheche, nayo itasema sifuri. Nitawaeleza kwamba mbao zilikuwa zinajizoeza na ukuta, sasa zimezoeana, hakuna haja ya kufungua kitu. Kisha nitagonga mara mbili.

Mfukoni nimetia kipande cha kalenda ya mwaka huu, nimekikunja mara nne. Si kwa ajili ya meza. Meza haina kosa. Ila ile sakafu ya shule imelala.